Mguu wa Upande wa Sindano

Mama Adolphine hatazami nyuso za watu. Anatazama miguu. Ukikutana naye asubuhi akitoka mtaa wa Kasuku, hapa Kindu, kwenda kazini, kikwembe amekifunga imara, mkoba uko kwapani, atakusalimu vizuri na kukuuliza habari za nyumbani, lakini macho yake tayari yameshuka chini na yanakusindikiza mpaka upite. Huyu ni polio. Huyu alipigwa risasi. Huyu aliangukiwa na udongo akichimba kasiterite, mawe ya bati, kule Kalima. Na huyu, hapo atasonya, msonyo mrefu hadi wauza samaki wageuke, huyu ni kwinini.

"Mwendo wa kwinini naujua hata kwenye matope," husema. Goti linapanda juu kama la mtu anayepanda ngazi, vidole vimelala, kisha unyayo unajipiga chini wenyewe: pa! Mtu huyo hakuzaliwa hivyo wala hakurogwa. Alichomwa sindano ya kwinini, dawa ya malaria, matakoni akiwa mtoto, dawa ikamwagikia kwenye mshipa wa fahamu, na mguu ukafa kuanzia kwenye goti kushuka.

Watu wanasema huyu mama ana hasira. Anayo, tena nyingi! Lakini nani amewahi kumuuliza imetoka wapi?

Alizaliwa Kalima, baba yake akiwa fundi wa kampuni ya bati, akasomea uuguzi, akapewa kazi Kindu mwaka mmoja tu kabla ya vita kuufikia mji. Mwaka 2002 alikuwa na miaka ishirini na minane, na mji ulikuwa umezingirwa. Huendi shambani, hutoki Kindu kwenda Kailo, ukijaribu unakutana na bunduki. Chumvi ilikuja kwa ndege, ikauzwa kwa kijiko cha chai. Watu walikula majani ambayo jina lake hawakulijua. Na homa, ee Mungu wangu, homa haikuhitaji ruhusa ya askari kuvuka kizuizi.

Kituo chao cha afya kilikuwa vyumba viwili na veranda. Mkuu wao alikuwa Bwana Louis, muuguzi mzee, mwenye sifa ya mkono mwepesi mji mzima. Vidonge vilikuwapo, tena vya kutosha kwa watoto waliokuwa bado wanameza, lakini mama gani angekubali? "Kidonge ni ya kudanganya mutoto," walisema. Dawa ni sindano, na sindano ni ya matako. Ukimwambia mama umchome mtoto pajani, anakutazama kama umemtukana: "Paja ni ya chanjo, munganga. Miye nimeleta mugonjwa." Bwana Louis aliwapa walichotaka. Kwinini, matakoni, ndani kabisa. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha.

Siku iliyoanzisha mambo yote haya, Safi alifika mbio na mwanawe wa miaka minne, Soudi, anawaka moto. Safi alikuwa mke mkubwa wa Bulaimu, mfanyabiashara wa vitambaa mtaa huohuo. Adolphine ndiye aliyekuwa zamuni. Bwana Louis alisimama nyuma yake akasema, "Tako la kushoto. Ingiza yote." Akaingiza yote. Mtoto alilia, mguu ukarusha teke moja, kisha ukalegea. Adolphine aliliona lile teke. Aliuona na ule mguu ulivyotulia. Akajiambia mtoto amechoka.

Baada ya siku tatu homa ilishuka, Soudi akaomba chakula, nyumba ikashukuru. Siku ya nne wakamsimamisha. Pa! Unyayo wa kushoto ukalala.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu ya Adolphine inapochemka mpaka leo. Kwa watu wa mtaa ule, mtu akiruka miguu ya mtoto aliyelala, anamfungia mwendo wake. Dawa yake ni moja: aliyeruka arudi aruke tena kinyumenyume, afungue alichofunga. Nani ameruka? Wiki iliyotangulia Safi alikuwa amegombana na mke mwenzake, Rehema, mke mdogo ambaye hakuwa amezaa bado. Waligombea chumvi, fikirini, chumvi ya kijiko! Basi ikasemwa kwamba Rehema alionekana akiruka mkeka wa Soudi. Nani alimwona? Hakuna. Ilisemwa.

Wakamtoa mlangoni mwa Bulaimu mchana kweupe, mtoto amelazwa chini, watu wamejaa hadi njiani. Wakamwambia aruke. Akaruka kinyumenyume, mara moja, mara mbili, mpaka mara saba, kikwembe kinamvuka, analia, "Wallahi, miye sijamugusa." Mtoto akasimamishwa. Pa! Basi yakaanza makofi, kisha fimbo. Bulaimu akamtupia furushi lake, wakamsukuma mpaka mtoni, wakampakia mtumbwi kumvusha hadi Alunguli, ng'ambo ya pili, siku ambazo hakuna mtu mwenye akili aliyevuka kwa hiari yake.

Na Adolphine? Alikuwa palepale, amevaa koti lake jeupe la kazi. Alifungua mdomo. Bwana Louis alimshika mkono juu ya kiwiko akamminya mpaka ngozi ikauma. "Ukisema ni sindano," alimnong'oneza, "kesho hakuna mama atakayeleta mutoto, watakufia majumbani. Na weye njo watakayempiga."

Akafunga mdomo.

Jioni hiyo alinunua kaye, daftari la shule, la kurasa mia moja, akapiga mistari kwa rula. Jina la mtoto. Tarehe. Dawa gani. Sindano imeingia wapi, kulia au kushoto. Nani amechoma. Mguu ukoje baada ya mwezi. Mstari wa kwanza aliandika: Soudi wa Bulaimu, kwinini, tako la kushoto, mguu wa kushoto umelala. Na pale penye nani amechoma akaandika: Adolphine.

Aliijaza kaye ile mwaka mzima na zaidi. Mwezi ukifika alikuwa anatembea nyumba kwa nyumba, anaomba mtoto atembee mbele yake, akina mama wanamcheka: munganga gani huyu hatazami ulimi, anatazama nyayo? Alipojumlisha, watoto waliochomwa matakoni walikuwa thelathini na mmoja. Watano walikuwa wanaburuta mguu. Na kila mmoja wa wale watano, mguu mbovu ulikuwa wa upande ilipoingia sindano. Kila mmoja!

"Mchawi gani huyu," alimwambia Bwana Louis, akimpa kaye, "anayekuja kwanza kuuliza mutoto amechomwa upande gani?"

Bwana Louis hakuisoma. Aliikunja akampa. "Miye niko na miaka ishirini na mitano ya sindano. Kaye yako iko na miaka mingapi?"

Adolphine si mjinga. Alijua watoto thelathini na mmoja ni wachache, alijua mtu anaweza kuhesabu vibaya kile anachokiogopa. Kwa hiyo vita vilipopungua, ndege za misaada zikaanza kuleta na vitabu, alivamia maboksi ya vitabu kabla ya yale ya sabuni. Akakuta mwongozo, kurasa zimelowa pembeni: kwinini isichomwe matakoni, mshipa mkubwa wa mguu unapita hapo, ikibidi kuchoma, basi paja, upande wa mbele. Wenzake wa nchi nyingine walikuwa wameshaona miguu ileile, wameshaihesabu, wameshachapisha. Ilikuwa imejulikana! Watu walikuwa wanajua wakati Rehema anarushwa kinyumenyume kama mbuzi wa maonyesho! Alikaa juu ya boksi akalia kwa hasira mpaka mlinzi akaja kuuliza nani amekufa.

Kuanzia hapo alichoma mapaja tu. Akaandika watoto arobaini na wawili wa paja. Hakuna hata mmoja aliyeburuta. Akina mama wengi walimkimbia wakaenda kwa Bwana Louis, ambaye alichoma matako hadi siku ya kustaafu, akaagwa kwa hotuba, kipande cha kitenge na jogoo. Jogoo! Kuna watu wazima Kindu hii ambao wangeweza kukimbia mbio kumkamata jogoo yule kama si yeye.

Miaka ikaenda. Kwenye mafunzo aliambiwa juu ya utafiti mkubwa uliokwisha mwaka 2010: watoto elfu tano na zaidi wenye malaria kali, katika nchi tisa za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Nusu walipewa kwinini, nusu artesunate, dawa mpya zaidi, na dawa ya kila mtoto ilipangwa kwa bahati nasibu, si kwa mapenzi ya daktari. Waliopewa kwinini walikufa kumi na mmoja hivi katika kila mia. Wa artesunate, wanane na nusu. Muuguzi mmoja wa Punia akaguna, "Wawili, watatu tu?" Adolphine akamgeukia na kiti chake. "Sema hivyo siku mutoto wako akiwa kati ya hao wawili!" Mwongozo wa nchi ukabadilika, artesunate ikaja, na angeweza hapo kupumzika.

Lakini wapi!

Mwaka jana, mvua za Novemba, saa nane mchana, akaingia kituoni mtu mwenye mwendo anaoujua. Pa. Pa. Alikuwa Soudi. Ana miaka ishirini na sita sasa, anatengeneza simu karibu na stesheni, maana kazi ya pikipiki hawezi. Gia inabadilishwa kwa mguu wa kushoto, na wake haunyanyuki. Mikononi amembeba binti yake Aïcha wa miaka mitatu, macho yamegeuka, mwili unaruka kwa degedege.

Daktari wa kituo alikuwa Dokta Yannick, kijana mwenye viatu vya ncha kali na sauti ya redio. Degedege ilipotulizwa, akaandika: kwinini, kwa dripu.

"Dokta," Adolphine alisema, "artesunate iko."

"Naijua. Inaharibu damu. Nilimuona mutoto mumoja, baada ya wiki mbili damu yake ilipunguka akawa mweupe kama karatasi. Sirudii."

"Ule mumoja alikufa?"

"Tulimuongezea damu."

"Aliishi, sivyo? Weye umemuona mumoja, dokta. Wao wameona elfu tano, na wale waliokufa kwa kwinini hawakurudi kuongezewa kitu. Tumupe dawa, kisha tupime damu yake kila wiki. Muongozo uleule uliotuletea hii dawa njo umesema tupime."

"Mama, weye ni muuguzi."

"Miye ni muuguzi, ndiyo. Malaria yenyewe haijui."

Akampuuza. Mishipa ya mtoto ilikuwa imelala, dripu ikakataa mkono wa kulia, ikakataa wa kushoto, ikakataa kichwani. Dokta Yannick akatokwa na jasho. Na mtu aliyebanwa hurudi kwa kile alichokizoea. "Basi piga ndani ya nyama," alisema. "Tako. Haraka."

Soudi hakuelewa lolote. Alisimama anatazama binti yake. Adolphine akatazama ule mguu wa kushoto uliosimama mbele yake, na miguu miwili midogo kitandani, bado mizima. Na uhai wenyewe nao unaondoka. Akaweka sindano ya kwinini chini.

Artesunate ilikuwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo ulikuwa na mtunza vifaa, na mtunza vifaa alikuwa amekwenda Kailo matangani. Ndiyo, mmesikia vizuri: dawa inayookoa watoto imefungiwa kwa kufuli, na kufuli limekwenda msibani! Adolphine hakubishana. Alitoka nje, akaokota tofali, akapiga kufuli mara tatu. Mara ya nne likaachia. Akachanganya unga wa dawa na maji yake, akautikisa mpaka ukawa safi, akampima Aïcha uzito, akamchoma pajani kwa mbele. Dokta Yannick alisimama mlangoni akipiga simu.

Dozi ya pili baada ya saa kumi na mbili. Ya tatu kesho yake mchana. Mtoto akaomba wali. Siku ya nne Adolphine alimshusha kitandani yeye mwenyewe, akampigia magoti sakafuni kumtazama nyayo. Kisigino, kidole. Kisigino, kidole. Alimpima damu kila wiki kwa mwezi mzima, haikupunguka.

Mnadhani walimshukuru? Walimletea barua. Atoe maelezo kwa maandishi: kwa nini amevunja kufuli la kituo. Kufuli! Kwinini ya matakoni haikuandikwa popote. Miaka zaidi ya ishirini ya miguu inayopiga pa pa barabarani, hakuna aliyeandikiwa barua. Kufuli moja la Kichina, kamati nzima imekaa!

Siku ya kikao alikwenda na kaye yake, jalada limekatika, ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Soudi alikuja naye kumtolea ushahidi, amevaa shati la Ijumaa. Mwenyekiti alipouliza ana nini cha kusema, Adolphine aliiweka mezani. "Maelezo yangu njo haya. Yameanza kabla Dokta Yannick hajamaliza shule ya chekechea."

Kaye ikapita mkono kwa mkono. Wengine waligeuza kurasa mbili na kuisogeza. Ikafika kwa Soudi. Soudi ni mtu wa vitu vidogo, hasomi haraka haraka. Alianzia mwanzo, mstari wa kwanza.

Adolphine aliona kidole chake kikitembea. Soudi wa Bulaimu. Kwinini. Tako la kushoto. Kikafika kwenye nani amechoma, kikasimama hapo.

"Mama Adolphine," alisema taratibu. "Ni weye?"

"Ni miye."

"Miaka yote, nyumbani walisema ni Mama Rehema. Nimekuwa mukubwa nikiapa sitamusalimia. Nikimuona upande ule wa mto, natema mate chini."

Mwenyekiti akatangaza onyo la maandishi kwa kuharibu mali ya kituo, akafunga kikao. Adolphine hata hakulisikia.

Kesho yake walivuka kwenda Alunguli, yeye na Soudi. Rehema yuko hai. Anakaa peke yake, anakaanga mikate ya mchele mbele ya nyumba ya udongo, na jino moja la mbele halipo. Liliondoka siku ile. Alimtambua Soudi kwa mwendo kabla ya uso, akasimama nusu, kama mtu anayetafuta njia ya kukimbilia. Soudi akapiga goti moja chini, lile zima. "Mama, tumekuja juu ya mambo ya mguu wangu."

Adolphine alimsomea ule mstari. Akamweleza mshipa, dawa, upande. Akamweleza wale watano. Rehema hasomi, aliomba aonyeshwe palipoandikwa, akaweka kidole chenye unga.

"Uliandika lini?"

"Siku ileile. Jioni."

"Na hii kaye ilikuwa fasi gani siku zote?"

"Kabatini. Nyumbani kwangu."

"Nyumba yako iko na mulango?"

"Iko."

"Basi uliweza kutoka," Rehema alisema.

Maisha yake yote Adolphine aliwakasirikia watu wasiosoma kilichoandikwa. Na yeye alikuwa amekiandika akakifungia, sawasawa na dawa ile kwenye kabati, na hakuna siku aliyookota tofali kwa ajili ya huyu mwanamke. Alisema neno moja tu, nisamehe.

Rehema aliepua karai, akamwaga maji juu ya moto, akanawa mikono na miguu, akaingia ndani, akatoka amevaa kikwembe kizuri na kitambaa kichwani.

"Chukua kaye," alisema. "Tunavuka."

Bulaimu ni mzee sasa, anakaa kwenye kiti mlangoni, mlango uleule. Safi alitoka ndani akamwona Rehema, akashika ukuta. Majirani walianza kusogea, kwa sababu mtaa ule haujabadilika kwa kusogea. Rehema alisimama katikati ya njia, mahali aliporushwa mara saba.

"Soma," alimwambia. "Kwa sauti. Wote wasikie, hata wa kule nyuma."

Mama Adolphine akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza na jina la aliyechoma.